Mbwa wa mitaani visiwani: namna ya kuishi nao na kupunguza idadi yao bila sumu wala risasi

Hapa Zanzibar, shehia (mtaa au kijiji kilicho chini ya sheha) ikichoshwa na mbwa, neno la kwanza kikaoni huwa sumu, la pili risasi, la tatu "wapakieni garini mkawatupe mbali." Njia zote tatu zina kasoro moja: zinamwondoa mbwa na kukiacha kilichomleta. Mbwa yupo hapo kwa sababu kuna jaa lisilofunikwa, matumbo ya samaki dikoni wanakoshukia wavuvi, na pagale la kuzalia. Ukiua kumi, chakula cha kumi kimebaki. Majike walionusurika wanashiba zaidi, watoto ambao wangekufa kwa njaa wanaishi, na mbwa wa shehia ya jirani wanahamia kwenye nafasi iliyo wazi. Sumu nayo haichagui: inaua paka na kuku, inaua mbwa aliyechanjwa na mwenyewe, na kipande cha nyama kilichoachwa njiani mtoto anaweza kukiokota.

Kinachopunguza mbwa ni kazi tatu zinazokwenda pamoja: kuwafungia chakula, kuwafunga majike kizazi, na kuwachanja wote. Zifanywe katika shehia moja mpaka zikamilike, ndipo mhamie ya pili. Kuwafunga kizazi majike saba kati ya wanane wa shehia moja ni hatua inayoonekana. Majike saba waliotawanyika vijiji vya Paje, Bwejuu na Jambiani hawabadilishi kitu, kwa sababu kila mahali wamebaki wa kutosha kujaza pengo. Wafadhili wengi hupenda kugawa kidogo kidogo ili kila mtu aridhike. Msikubali.

Kuhusu chanjo, mfano upo Pemba. Kichaa cha mbwa kilikuwa kikizunguka kisiwani mwaka 2010. Baada ya kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka, kilikwisha kufikia Mei 2014. Chanjo ikalegea, na mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena mara mbili kutoka nje na kuenea. Kampeni ziliporudishwa ulikwisha tena Oktoba 2018.

Mtu akiumwa, anzeni hapa

Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili kinazuilika, na muda upo: mara nyingi dalili huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka.

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Tazama saa, maana mtoto akilia dakika tatu huonekana kumi na tano. Kama hakuna bomba, mmoja amimine kwa kopo na mwengine apake sabuni. Sabuni ya mche inatosha.

2. Tia iodini au spiriti kama ipo. Usitie ndimu, chumvi, kahawa, mafuta ya taa wala majani ya kutwanga. Usilifunge jeraha kwa kulibana, na lisishonwe ila daktari ameamua hivyo.

3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ratiba ya chanjo huanza siku ya 0, kisha siku ya 3 na ya 7, na katika baadhi ya ratiba ipo sindano ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Jeraha lililotoa damu, au mate yaliyoingia machoni au mdomoni, huhitaji pia dawa ya kingamwili inayochomwa kuzunguka jeraha. Uliza pia sindano ya pepopunda. Wengi huacha sindano za mbele kwa sababu kidonda kimekauka, na hapo ndipo hatari ilipo.

4. Mbwa asiuliwe kwa hasira. Akiweza kufungwa, au kuangaliwa tu alipo, atazamwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma. Matibabu hayangojei jibu hilo: anza, kisha daktari ataamua kama yakatizwe. Akiwa ameshakufa, msipasue kichwa, maana ubongo ndio unaopimwa. Mwiteni bwana mifugo, na msimshike kwa mikono mitupu.

Paka, mbuzi na ng'ombe nao huweza kuambukiza, na kukwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda kunahesabika. Mbwa mgonjwa si lazima awe mkali. Wapo wanaopooza tu: taya limeanguka, mate yanachuruzika, miguu ya nyuma inayumba, na watu hudhani ana mfupa kooni. Msitie mkono mdomoni kumsaidia.

Lipo jambo la kwetu hapa. Aliyeguswa na mate ya mbwa hufikiria kuosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo usitiwe ndani ya kidonda kibichi, unaleta pepopunda. Dakika 15 za sabuni kwanza, hospitali pili, na la twahara mtu amuulize shekhe wake baada ya hapo, maana dharura ina hukumu yake.

Sheha kwanza, kisha hesabu

Bila sheha hakuna kazi. Watu wageni wakikimbia na nyavu alfajiri mtaani watapigiwa ukunga wa mwizi kabla hawajakamata mbwa wa kwanza. Mwendeeni na mambo matatu tu: eneo mnalotaka kufanyia kazi, siku, na jina la dokta wa mifugo atakayefanya upasuaji. Mwombeni awaitie kikao chenye imamu, mwalimu wa skuli, mwakilishi wa wavuvi wa dikoni, wafugaji wa mbuzi, na wasasi (wawindaji) kama wapo. Wasasi msiwasahau. Kusini Unguja mbwa wao ni mali yao, na mbwa wa msasi aliyekamatwa kwa makosa anaweza kuvunja mradi mzima. Waombeni wawavishe ukosi wa rangi moja au wawafunge nyumbani kwa siku mnazokamata.

Kikaoni atatokea mtu mzima wa kusema, "Wanangu, hawa dawa yao ni sumu tu." Mjibuni kwa adabu na kwa hesabu: "Mzee, mara ya mwisho walipouliwa, ilichukua muda gani kurudi?" Kwa kawaida jibu hutoka kwa wazee wenzake.

Hesabu ifanyike alfajiri, kuanzia saa 12 kasorobo hadi saa 1 na nusu, kabla jua halijawasukuma mbwa vivulini. Chora njia itakayopita kila mtaa mara moja, jaani, dikoni na ufukweni. Watu wawili kwa baskeli au pikipiki ya mwendo wa pole: mmoja anatazama, mmoja anaandika. Kila mbwa aingie kwenye safu moja: dume, jike, jike anayenyonyesha (chuchu zimening'inia), mtoto chini ya miezi minne, asiyejulikana. Andikeni pia wenye upele na waliokonda. Rudieni njia ile ile kesho yake, kwani siku moja hudanganya.

Mkitaka idadi iliyo karibu na kweli, tumieni siku ya chanjo. Kila aliyechanjwa apakwe mgongoni rangi ya kutilia mifugo alama. Tuseme mmepaka 40. Asubuhi inayofuata piteni njia yenu: mmewaona 30, na 24 kati yao wana rangi. Zidisha 40 kwa 30, gawa kwa 24, unapata 50. Shehia ina mbwa karibu 50, nanyi mmechanja asilimia 80.

Twahara: limalizeni kabla ya kuanza

Vijana wengi wangejitolea lakini wanaogopa najisi, na hili halimalizwi kwa kuwacheka. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na moja yake kwa udongo. Kugusana kukavu kwa kukavu hakunajisi. Kwa hiyo pangeni vifaa kwa kufuata hukumu hiyo: glavu ndefu, mabuti ya mpira, ovaroli au nguo za kazi tu, ndoo mbili za maji na ndoo moja ya udongo safi uliochungwa. Wekeni pahala pamoja pa kuoshea penye njia ya maji, mbali na kisima na msikiti. Vifaa vya mbwa visichanganywe na vya nyumbani hata kopo moja.

Imamu akisema maneno mawili baada ya sala ya Ijumaa, kazi inakuwa nyepesi. Hana haja ya kutafuta mbali. Hadithi ya aliyesamehewa kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu kila mtu anaijua, na ruhusa ya mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba inajulikana vile vile.

Jaa, diko na jiko la hoteli

Hapa ndipo idadi inapoamuliwa, na hapa ndipo miradi mingi inapokwepa kwa sababu taka hazina picha nzuri. Kabla ya kukamata mbwa hata mmoja, fuateni chakula kinatoka wapi.

Dikoni, tatizo ni matumbo na mashavu ya samaki yanayoachwa mchangani baada ya kuparua. Wekeni pipa la lita 200 lililokatwa nusu, lenye mfuniko uliobanwa kwa jiwe au kamba ya mpira, kando ya meza ya kuparulia. Likiwekwa hatua ishirini mbali, hakuna atakayekwenda. Limwagwe kila siku kabla ya magharibi. Penye udongo laini, chimbeni shimo la mita moja, mtandaze taka, mtie chokaa, mfukie angalau sentimita 50 za mchanga. Pwani nyingi za mashariki ni maweni na shimo la mita moja ni ndoto. Huko hamna budi kuingia makubaliano na gari la taka au na mtu wa mkokoteni. Kuchimba kidogo na kufukia kidogo ni kuwaandalia mbwa mezani, kwani watafukua usiku huo huo.

Majumbani, adui wa kwanza ni kunguru. Wao hutoboa mfuko mapema, na mbwa hufuata harufu. Taka ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, au polo (gunia) lililofungwa mdomo na kutundikwa kwenye mti au msumari usawa wa kifua. Zitolewe asubuhi ya siku ya gari, si jioni ya kuamkia.

Hotelini, taka za jikoni zikae kwenye chumba chenye mlango, na wapishi wasitupe mabaki nyuma ya ukuta "kwa ajili ya mbwa." Wageni nao huwalisha mezani. Msimu ukiisha na hoteli kufungwa wakati wa masika, mbwa wale wanabaki na tumbo lililozoea na mikono iliyoondoka. Aprili na Mei ndipo kuku wanapoibwa na wapita njia wanapofuatwa. Kama hoteli inataka kulisha, ilishe saa ile ile kila siku, pahala pamoja nyuma ya jengo mbali na ufukwe na njia, chakula kiishe ndani ya dakika 20, mabaki yaondolewe. Walishwe wale wale walio hapo tu, mwaka mzima, na kila anayekula awe amefungwa kizazi. Kulisha bila kufunga kizazi ni kufuga kwa siri.

Mfunguo tatu panga mapema. Siku za kuchinja, matumbo na ngozi hutapakaa vichochoroni na mbwa hutoka mbali. Sheha ateue shimo au gari moja kwa shehia nzima. Wiki hiyo msijisumbue kukamata, maana mbwa aliyeshiba haingii mtegoni.

Kukamata

Anzeni na majike. Dume mmoja aliyebaki anatosha kuwapanda majike wote wa shehia, kwa hiyo kuhasi madume kumi na kuacha majike wanane hakupunguzi mtoto hata mmoja. Kuhasi kuna faida ya kupunguza ugomvi na kuzurura, lakini fanyeni baada ya majike kwisha. Jike hupata joto (wakati wa kutaka dume) mara ya kwanza kati ya miezi 6 na 12, kisha karibu mara mbili kwa mwaka. Mimba huchukua siku kama 63. Mkimkamata akiwa na miezi mitano au sita mmeshinda kabla hajaanza.

Nani asipelekwe sasa: jike aliye joto, kwa sababu hutoka damu zaidi kwenye upasuaji, huyo mngojeni mpaka joto liishe; na jike anayenyonyesha watoto chini ya wiki sita, labda dokta aamue na arudishwe siku hiyo hiyo. Angalieni vizuri kabla ya kusema "yuko joto." Damu inayodondoka kwa wiki nyingi mfululizo, pamoja na nyama inayochomoza kama koliflawa kwenye uke au uume, ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Huyo anahitaji dokta na sindano za kila wiki.

Waliozoea watu wakamatwe na wale wanaowalisha: kipande cha samaki, kamba ya kitanzi shingoni, basi. Kwa waoga kuna njia mbili.

Kizimba cha mtego: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 65, mlango wa kushuka. Kiacheni wazi mlango umefungwa juu, mtie chambo saa ile ile kwa siku nne au tano. Vichwa vya samaki vilivyochemshwa vinavuta kuliko wali. Mbwa akishaingia kula bila kusita, tegesheni. Msiondoke, kaeni pembeni. Mbwa aliyenaswa juani hufa kwa joto kabla ya adhuhuri.

Wavu wa mduara: duara la chuma la sentimita 70 hadi 80, mfuko wenye kina cha mita 1.5, mpini wa mita 1.2, tundu za sentimita 3 hadi 4 ili mguu usipenye. Fundi yeyote wa nyavu dikoni anaushona, lakini mwambieni atumie uzi mnene. Jarife jembamba hukata ngozi. Mbwa akiingia, zungusha mpini mara mbili mfuko ujifunge, mlaze ubavu, mfunike kichwa kwa kanga kuukuu. Akishaona giza hutulia haraka. Waya wa kitanzi msiutumie kabisa.

Ikibidi kumfunga mdomo, chukua kitambaa cha bendeji chenye urefu wa mita 1.2. Fanya kitanzi kipana, kiteremshe juu ya pua ukiwa umesimama ubavuni mwake na si mbele, kaza juu, vuka chini ya kidevu, kaza tena, kisha funga fundo la kufunguka nyuma ya masikio. Usimwache nacho zaidi ya dakika chache. Mbwa hupoa kwa kuhema, na mdomo uliofungwa saa 6 mchana unamuua.

Kamateni saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi. Mbwa akikimbizwa mara mbili akaponyoka, mwacheni mpaka wiki ijayo, maana mwili uliopanda joto hauivumilii nusu kaputi. Na msikamate kuliko dokta anavyoweza: akifanya wanane kwa siku, wa tisa atalala kizimbani bure. Kila kizimba kiandikwe papo hapo: jinsia, rangi, pahala alipokamatwa kwa jina la kona, si la mtaa tu. Kadi hiyo ikipotea mbwa atarudishwa pasipo pake.

Wanaoshika mbwa wapate chanjo ya kinga ya kichaa kabla ya kuanza, siku ya 0 na siku ya 7, pamoja na ya pepopunda.

Siku ya upasuaji

Upasuaji ni wa dokta, lakini yapo ya kudai. Mbwa mzima asile kwa saa 8 hadi 12 kabla, watoto chini ya miezi minne wasizidi saa 4, na maji yaondolewe saa mbili kabla. Apimwe uzito kwa mizani halisi. Ile ya kuning'iniza inayotumika kwa samaki au karafuu inafaa, mbwa akiwa ndani ya polo. Dozi ya kukisia ndiyo inayoua wengi mezani. Nyuzi za ndani na za ngozi ziwe zinazoyeyuka, kwani hakuna atakayemkamata tena kumtoa nyuzi. Apewe dawa ya maumivu ya wanyama. Ibuprofeni na diklofenaki za binadamu msimpe hata kipande, ni sumu kwake.

Akiwa bado usingizini, achanjwe, kisha akatwe alama ya V kwenye ncha ya sikio la kushoto. Watu hulalamika kwamba inamharibu sura. Bila alama hiyo jike yule yule atapasuliwa tena mwakani kutafutwa kizazi ambacho hakipo.

Sindano za kuzuia uzazi msizitake, na za binadamu zaidi. Huonekana rahisi, lakini huleta usaha katika kizazi na uvimbe wa matiti, na jike hufa polepole kwenye pagale bila mtu kujua.

Anapoamka alazwe ubavu, shingo imenyooka, juu ya polo au kanga, mbali na wenzake. Asipewe chakula mpaka asimame na kutembea bila kuyumba. Dume abaki saa 24. Jike asitoke kabla ya saa 48, na siku nne ni bora. Kila asubuhi tazameni jeraha na fizi. Fizi nyeupe, tumbo linalojaa, au kukataa chakula siku ya pili ni kumwita dokta sasa hivi. Uvimbe mdogo mgumu kwenye mshono ni wa kawaida, ila unyevu wenye harufu si wa kawaida. Ndiyo maana masika si wakati wa kufanya kampeni: mabanda hayakauki. Juni hadi Septemba, kusi likivuma, au Januari na Februari, ni afadhali.

Kisha arudishwe pale pale alipokamatwa, kona ile ile, asubuhi. Kumpeleka "pahala pazuri zaidi" ni kumtia vitani na mbwa asiowajua, huku kona yake ikichukuliwa na jike mzima wa kuzaa. Dume aliyehasiwa anaweza bado kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo msishangae wala msimlaumu dokta.

Chanjo

Lengo ni asilimia 70 ya mbwa wote, wenye wenyewe na wasio na wenyewe, kila mwaka. Watoto wachanga nao wachanjwe. Kuwaruka ndiko kunakoshusha asilimia, kwani ni wengi. Chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye boksi la baridi, weka kitambaa au kadibodi kati ya barafu na vichupa, kwani chanjo iliyoganda imeharibika hata kama haionekani tofauti. Boksi likae kivulini, lifunguliwe na mtu mmoja tu. Kituo cha chanjo kiwe kwenye barza ya sheha au skuli, umbali ambao mtoto anaweza kutembea, kwa sababu visiwani mwenye kumleta mbwa mara nyingi ni mtoto. Atangaziwe aje na mtu mzima na kamba madhubuti.

Kuishi nao wakati huo huo

Waendao sala ya alfajiri na watoto waendao chuoni hukutana na mbwa saa zao za kazi. Tochi na bakora vinatosha, bakora ikiwa ya kuweka mbele na si ya kupigia. Mbwa akibweka, simama, geuka ubavu, mikono chini, usimkodolee macho, ondoka kwa kurudi nyuma polepole. Kuinama kama unayeokota jiwe kunawafukuza wengi. Kukimbia kunawaita. Ukiwa na baskeli shuka, iweke kati yenu. Mtoto akiangushwa ajikunje, afunike shingo na masikio kwa mikono, anyamaze. Hili walimu walifanyishe kwa vitendo uwanjani, dakika kumi, mara mbili kwa mwaka. Kundi la madume linalomfuata jike, na jike mwenye watoto, vipitiwe mbali.

Mbuzi walale bandani penye ukuta wa kimo cha mita 1.5 na mlango unaofika chini kabisa. Mbwa hupita chini kuliko juu, kwa hiyo mawe yazunguke msingi.

Daftari na hesabu ya pili

Rudieni hesabu kila miezi sita, njia ile ile, saa ile ile. Mwambieni sheha mapema kwamba mwaka wa kwanza ataona mbwa wale wale, ila wanene zaidi na wenye masikio yaliyokatwa. Kinachoshuka kwanza ni idadi ya majike wanaonyonyesha na watoto. Jumla hushuka baadaye, wazee wanapokufa bila kuacha nafasi kwa watoto. Asiposikia hili mwanzoni, mwezi wa nane atasema mradi umeshindwa, na sumu itarudi kikaoni.

Jike mzima asiye na alama akionekana ghafla baada ya miezi kadhaa, ulizeni aliletwa na nani kabla ya kumkamata. Mara nyingi kuna mtu aliyehama, mgeni aliyeondoka, au chombo kilichotia nanga. Pemba waulizeni bandarini kwanza, Mkoani, Wete na Wesha, na mbwa asiye na cheti cha chanjo achanjwe hapo hapo kabla hajapanda gari.